Kununua Vitu Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu: waliohamia Dar karibuni, wafanyabiashara wadogo wanaofuata mzigo kutoka mikoani, na ndugu zetu wa nje wanaokuja likizo na orodha ya zawadi. Bei hazikutajwa isipokuwa kwa mfano, maana za Dar hupanda na kushuka kabla hujamaliza kuzisoma.

Nina orodha ndefu na siku moja tu. Nianzie wapi?

Kariakoo. Kila mtu atakwambia hivyo, na safari hii kila mtu yuko sahihi. Nguo, viatu, vyombo, simu, mapazia, vipodozi, mbegu za mchicha, taa za sola, vyote vipo ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu. Maduka mengi ya Sinza, Mbagala, Tegeta, hata Morogoro na Mtwara, huchukua mzigo hapo hapo. Wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro nao hupigana vikumbo na sisi kwenye korido zile zile.

Ila usiende Kariakoo kwa kila kitu. Samaki wana pao, samani zina pao, ndizi zina pao. Dar kila kitu kina mtaa wake na saa yake. Ukivijua hivyo viwili, nusu ya kubembeleza bei umeshaimaliza kabla hujafungua mdomo.

Kariakoo ni kubwa mno. Nitaujuaje mtaa wa kitu ninachokitaka?

Kwanza elewa namna watu wanavyoelekezana. Hakuna anayetumia namba ya nyumba. Unaambiwa mitaa miwili inapokatana, "Aggrey na Likoma", "Kongo na Mchikichi", kisha jina la jengo, kisha ghorofa, kisha namba ya fremu, yaani chumba cha duka lenyewe. Andika vyote vinne. Jengo moja linaweza kuwa na fremu nyingi zinazofanana kama mapacha, na ukipotea ghorofa ya pili utatoka na kitu ambacho hukukifuata.

Mitaa ya kuanzia ni hii. Mtaa wa Kongo ni wa nguo na viatu vya rejareja, wamachinga wakiwa wamepanga chini na juu. Mtaa wa Uhuru ndio wa khanga na vitenge tangu zamani. Simu na vifaa vyake tafuta Aggrey na mitaa inayoikata. Ukishuka Gerezani unakutana na spea, vyuma, bomba na vifaa vya ujenzi. Tandamti, Mkunguni, Nyamwezi na Swahili ndiyo mitaa inayozunguka soko lenyewe, lile jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 10, 2021, kisha likakarabatiwa na kujengewa soko jipya pembeni. Kuzunguka hapo ndiko kwa vyakula, viungo na pembejeo za kilimo.

Mpangilio huu si sheria. Maduka huhama, na mtaa uliokuwa wa mabegi mwaka juzi leo unaweza kuwa wa vipodozi. Muulize muuza maji au mama lishe, si kijana aliyesimama kona akikutazama mikono.

Huyo kijana wa kona ni nani?

Ni winga. Hana duka wala mzigo, ila anajua nani ana nini na kwa bei gani. Anakuita "bosi" au "dada yangu", anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka fremu ya tatu ndani. Mwenye fremu akishamwona yuko mbele yako, bei anayokutajia ina cha juu cha winga ndani yake. Wakati mwingine winga mwenyewe ndiye anayetaja bei, na mwenye duka anatazama simu yake kama hayamhusu.

Watu wengi wanawachukulia mawinga kama matapeli. Mimi sikubaliani nao. Ukiwa na saa mbili, vitu kumi na viwili vya kununua na hujui kona hata moja, winga mzuri anakuokolea jua na miguu, na cha juu chake ni haki yake. La msingi ni kupatana mapema: mwambie utampa kiasi gani mwisho wa mzunguko, naye akuache uongee bei na mwenye duka mwenyewe.

Kuna jambo moja tu la kulikataa bila aibu. Akikwambia, "Nipe hela nikuletee stoo, subiri hapa hapa," mjibu kwamba mtakwenda wote stoo. Akisita, endelea na safari yako.

Na ukiingia dukani peke yako huku mtu anakufuata kwa nyuma kama mlioongozana, sema kwa sauti, "Nimekuja mwenyewe." Mwenye duka atakuelewa.

Bei ya jumla inaanzia wapi? Lazima niwe na duka?

Hapana. Hakuna anayekudai leseni. Uliza tu, "Jumla inaanzia pisi ngapi?" Kwenye nguo na viatu utasikia tatu, sita au dazeni, na mara nyingi unaruhusiwa kuchanganya rangi na saizi. Kwa hiyo mkiwa ndugu watatu mnaotaka viatu vya shule vya watoto, nunueni pamoja. Msijitenganishe mlangoni kila mtu akaombe punguzo lake.

Kwenye vyombo na vifaa vya umeme jumla ni katoni, na katoni haivunjwi kwa bei ile ile. Usiposema mwenyewe kwamba unachukua jumla, utauziwa rejareja huku ukitabasamu.

Naombaje punguzo bila kumuudhi muuzaji?

Salimia kwanza. Mtu mzima mpe shikamoo yake, kijana mwenzio "mambo" au "habari za kazi" inatosha. Anayeingia na "hii shilingi ngapi?" bila salamu anajulikana ni wa haraka, na wa haraka hulipa bei ya haraka.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi. Mama ameshika doti ya khanga.

"Mwanangu, hii unaniachia kiasi gani?"

"Elfu kumi na tano, mama."

"Mhh. Bei ya mwisho?"

"Toa kumi na nne, mama, mzigo umepanda."

"Nikichukua tatu?"

"Kumi na mbili na mia tano kila moja."

Hapo mama anairudisha doti juu ya rundo, anaikunja vizuri, anapiga hatua mbili. Ataitwa. Asipoitwa, ile ilikuwa bei ya kweli, na anaweza kurudi bila aibu. Cha kuepuka ni kumtajia mtu bei, akaikubali, halafu ukaondoka. Hilo linaudhi kweli, na utasikia maneno mgongoni.

Kwenye supamaketi, maduka ya dawa na maduka yaliyobandika bei, usijisumbue.

Nitajuaje khanga au kitenge kizuri?

Khanga mpya huwa ngumu kwa wanga, kwa hiyo ugumu usikudanganye kuwa ni nzito. Shika ncha, ifikiche kati ya vidole viwili kwa nguvu mpaka wanga utoke, halafu iinue dhidi ya mwanga. Ukiona uso wa muuzaji vizuri kupitia kitambaa, hiyo ni nyepesi. Lowesha kidole, sugua penye rangi nyekundu au nyeusi. Kidole kikipata rangi, itachuja kwenye beseni na kuharibu nyingine. Kisha funua doti yote. Angalia kama maandishi, yaani jina la khanga, yako katikati ya mji, ile sehemu iliyozungukwa na pindo, na kama pindo zimekaa sawa, maana wachapaji wakiteleza, jina linapanda juu ya pindo. Na usome jina kabla ya kumnunulia mkwe. Nimeona harusini zawadi ikifunguliwa mbele za watu, jina likasomwa, ukumbi ukanyamaza.

Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Kitenge kizima huwa yadi sita, kinatosha gauni na kitambaa cha kichwa au mashati mawili. Za viwanda vya hapa nyumbani bado zipo, uliza za Nida au KTM, na pamba yake hukaa vizuri mwilini kwenye joto la Dar kuliko polista inayong'aa.

Simu za Kariakoo ni za kweli?

Zipo za kweli, zipo za bandia, na zipo zilizotumika zikaletwa kutoka Dubai na kufungwa kwenye boksi jipya. Hizi za mwisho si mbaya ukiambiwa ukweli na ukalipa bei yake. Kabla ya kutoa hela, piga *#06# namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, itokee, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na unayoiona mkononi, mrudishie mwenyewe. Utaratibu huo ulikuja pamoja na kufungiwa kwa simu bandia mwaka 2016.

Weka laini yako, piga simu, ongea. Jaribu kamera, spika, alama ya kidole na sehemu ya chaji. Warranti iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la duka na namba ya fremu. "Ukipata shida njoo tu" si warranti.

Mitumba mizuri inapatikana wapi?

Karume, pale Mchikichini Ilala, ndiyo shule kuu. Soko liliungua Januari 2022, likarudi. Wenye maboutique ya Sinza na Kinondoni hufika alfajiri belo zinapofunguliwa, wanachagua za kwanza, wanapiga pasi, jioni unaikuta shati ile ile imening'inizwa kwenye kioo kwa bei mara kadhaa. Ukitaka kuwatangulia, uwe umefika saa kumi na mbili asubuhi au mapema zaidi, na ujue kabisa saizi zako, maana hakuna chumba cha kujaribia. Vaa kitu chepesi ili uweze kuvalia juu.

Ukifika saa tano, unachagua masalia kwa utulivu. Hilo nalo lina faida yake, kwa sababu jioni jioni bei huanguka na vitu hunadiwa kwa mafungu. Kagua kwapa, zipu, ukosi na sehemu ya kukalia. Kwa wakazi wa Temeke, Tandika inatosha kabisa, na Manzese ni pazuri kwa viatu.

Chakula cha nyumbani ninunue soko gani?

Kama unanunua cha wiki kwa familia ndogo, soko la karibu na kwako linatosha. Nauli na jua vitakula akiba yote. Ukinunua cha shughuli, hoteli au genge, fuata malori. Ndizi na matunda ni Mabibo, palipozoeleka kama Mahakama ya Ndizi. Vitunguu, viazi na karoti ni Temeke Stereo. Buguruni ina machungwa na matunda kwa wingi. Nafaka ni Tandale. Mzigo hushushwa usiku, na kabla jua halijapanda wenye magenge wameshaondoka na guta zao.

Angalizo kuhusu mchele: ukiamini kila kibao, basi Kyela ingekuwa na ukubwa wa nchi nzima. Usinunue jina. Chukua kiganja, nusa, angalia chenga ni ngapi, tafuna punje mbili. Nunua kilo moja ukapike kwanza, gunia baadaye.

Kwenye mizani, tafuta alama ya Wakala wa Vipimo. Kwenye magunia, ukiwa wewe ndiye mkulima, kataa kuuza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida, na ukiwa mnunuzi, jua kwamba kufunga lumbesa kumekatazwa.

Kisutu, mjini kati, ni soko dogo ukililinganisha na hayo, ila kwa kuku, viungo vya pilau na mboga zilizochambuliwa vizuri ni pazuri, na unamaliza haraka.

Samaki je?

Nenda Feri, soko la Magogoni lililo jirani na kivuko cha Kigamboni. Mnada huanza asubuhi sana. Samaki humwagwa mezani, mnadishaji anapandisha bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Usinyanyue mkono kujikuna. Asiyetaka mafungu makubwa asubiri pembeni. Anayeshinda mnada mara nyingi ni mchuuzi, naye anakugawia hapo hapo kwa faida kidogo.

Fungua matamvua. Yawe mekundu ya damu mbichi, si ya udongo. Jicho liwe limejaa na linang'aa, nyama ukiibonyeza irudi. Changu, kolekole, nguru, jodari, vibua, pweza, ngisi na kamba wote hupatikana kwa msimu wao na hali ya bahari. Upepo ukichafuka meza huwa tupu na bei hupaa. Ukishanunua, wapo vijana wa kupaa na kukata kwa malipo madogo, na upande wa pili wapo wakaangaji. Beba ndoo yenye mfuniko, na vaa viatu usivyovionea huruma.

Zawadi za kupeleka nje?

Vinyago ni Mwenge. Wachongaji wengi, wakiwemo Wamakonde, huchonga mbele yako. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko unavyotarajia na huzama kwenye maji. Mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu huelea na huacha weusi kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Omba kujaribu. Anayekataa ameshajibu.

Michoro ya Tingatinga ipo kwenye kituo cha ushirika wao Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, na unaweza kuagiza yako ukaja kuichukua ikikauka. Slipway, Msasani, ina vitu vile vile kwa mandhari ya bahari, na mandhari hayo umeyalipia. Vitabu vya Kiswahili tafuta Mtaa wa Samora, duka la TPH. Dahabu ni mjini kati, Mtaa wa Indira Gandhi na Jamhuri. Hakikisha unapewa risiti yenye uzito na karati. Tanzanite usinunue barabarani kwa mtu yeyote, hata akiwa mpole vipi.

Nahamia nyumba mpya. Samani?

Keko. Mafundi wamepanga vitanda, makabati na sofa kando ya barabara. Ukitaka mninga, omba uone ubao kabla haujapakwa vanishi, na lipa kwa awamu: kianzio, kisha baki siku ya kuchukua. Siku ya ahadi ya fundi ongeza wiki.

Kuna haja ya kwenda mall?

Ipo, hasa kwa anayetaka kiyoyozi, choo kisafi, benki, chakula na maegesho mahali pamoja. Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado ndiyo maarufu zaidi. Masaki na Mikocheni kuna Shoppers kwa vyakula vya kutoka nje. Kwa nguo, sioni sababu.

Siku na saa gani nzuri Kariakoo?

Jumanne hadi Alhamisi, saa tatu hadi saa sita. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa muda wakati wa swala ya adhuhuri. Jumapili wauzaji wengi wa jumla hawafungui au hufungua nusu siku, ila barabarani wamachinga wapo. Wiki ya mwisho kabla ya Idi na Krismasi, Mtaa wa Kongo haupitiki. Januari ni zamu ya sare na madaftari. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai kuna maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ambako makampuni huuza kwa bei ya ofa.

Nifikeje, na gari niliache wapi?

Gari liache nyumbani. Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016, unatoka Kimara hadi Gerezani, mlangoni kabisa mwa Kariakoo. Kutoka Dodoma na Morogoro treni ya SGR inakufikisha stesheni iliyo umbali mfupi wa bajaji, na wapo wanaokuja asubuhi na kurudi jioni na mzigo.

Ukilazimika kuja na gari, tafuta maegesho ya kulipia ndani ya majengo. La barabarani hupigwa picha namba na ada husoma kwenye mfumo hata kama hukukuta karatasi kwenye kioo, na ukiegesha vibaya utalikuta limefungwa mnyororo au limevutwa. Mzigo mkubwa ukodie guta au kirikuu. Patana bei kabla ya kupakia, wapagazi wakiwa ndani ya hesabu.

Nilipe vipi? Dola zinapokelewa?

Lipa kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, kwa hiyo badilisha benki au duka la fedha lenye leseni. Wengi hupokea kwa lipa namba ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au benki. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na uliza makato ni ya nani. Fedha taslimu kidogo bado ni lazima, kwa nauli, wapagazi na maji.

Risiti ya EFD ina umuhimu gani?

Ndiyo ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Muuzaji aliyesajiliwa lazima aitoe, na mnunuzi asiyedai naye ana kosa. Ukisafirisha mzigo kwenda mkoani bila risiti, utasimamishwa njiani na kuulizwa. Angalia kiasi kilichoandikwa: wengine huandika elfu hamsini wakati umelipa laki tano. Ukisikia, "Bila risiti nakupunguzia," jua na warranti imeondoka hapo hapo.

Mifuko ya plastiki?

Imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Wanaotoka nchi za nje wasije nayo. Beba begi au nunua mfuko mbadala kwa watoto wanaopita.

Vibaka?

Wapo. Simu mfuko wa mbele, begi tumboni, hela ya kulipia itenge kabla hujafika dukani. Msukumano wa ghafla mahali pasipo na sababu ya msukumano ndio wa kuogopa.

Naweza kuagiza Kariakoo nikiwa mkoani?

Maduka mengi huuza kupitia Instagram na WhatsApp na hutuma kwa basi, mteja akilipia usafiri. Usimtumie hela muuzaji mpya kabla hujapigiwa video akiwa dukani, akikuonyesha bidhaa yenyewe na kibao cha nje. Mara ya kwanza agiza kidogo, au mtume ndugu aliye Dar akakague. Ukishalipa, omba picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari na simu ya ofisi ya vifurushi.

Nikinunua kitu kibovu, nitarudishiwa?

Kwenye risiti nyingi pameandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa vitendo, ukirudi siku hiyo hiyo na risiti, kwa lugha nzuri, mara nyingi utabadilishiwa, hela ndiyo hawarudishi. Kwa bidhaa bandia peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kitu cha umeme jaribu pale pale dukani: omba kichomekwe, kiwake, kizunguke, kisha ndipo kifungwe.